Uliza Mpiga Drams: James Brown, joho lake na vidole vya faini

Toleo lililopita msomaji mmoja aliniuliza nani mwimbaji bora wa soul. Katika kumjibu nikatupia sentensi moja kuhusu James Brown: kwamba kwa sauti peke yake Sam Cooke na Otis Redding walimzidi, ila jukwaani hakuna aliyemgusa. Loo! Barua zimemiminika. Wapo wanaouliza, wapo wanaonifokea, na mmoja kaniambia nirudi kwenye rumba nilikozoea. Basi leo ukurasa wote ni wa huyo bwana.

Kwa wageni wa safu hii: nilianza kupiga drams Dar es Salaam nikiwa na miaka 17, katika bendi ya vijana ya kukopi nyimbo za nje, nikaendelea kwenye bendi za dansi hadi goti la kulia lilipogoma. Mimi muziki nausikiliza kuanzia chini, kwenye ngoma ya mguu, nikipanda juu taratibu. Mwimbaji namfikia mwisho. Mniwie radhi kwa hilo.

*Shikamoo mzee. Unasemaje James Brown alizidiwa sauti na huku dunia nzima inamwita Baba wa Soul? Na kama si yeye aliyeianzisha, ni nani? – Msomaji, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Baba wa nyumba si lazima awe ndiye aliyechimba msingi. Soul, ukiifunua, ni nyimbo za kanisani za watu weusi wa Marekani zilizobadilishiwa maneno: palipokuwa na Yesu pakawekwa mpenzi. Ray Charles aliwashtua watu Novemba 1954 aliporekodi “I Got a Woman” mjini Atlanta. Sam Cooke, aliyekuwa kipenzi cha waumini katika kundi la injili la Soul Stirrers, akahamia nyimbo za dunia mwaka 1957. Katikati ya hao wawili ndipo anapoingia huyu wako.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1933 Barnwell, South Carolina, kwenye kibanda cha mbao, akalelewa Augusta, Georgia, katika nyumba ya shangazi yake ambayo ilikuwa danguro. Alicheza mtaani askari wamtupie sarafu, akang'arisha viatu. Akiwa na miaka 16 akafungwa kwa wizi. Alipokuwa kifungoni Toccoa akajuana na kijana wa mjini pale, Bobby Byrd, na mwaka 1952 familia ya Byrd ndiyo iliyomdhamini akatoka. Byrd alikuwa na kundi lake la kuimba. Kufumba na kufumbua, kundi likawa la James. Byrd akabaki pembeni akiitikia kwa miaka mingi, na mimi humwonea huruma kila nikimsikia.

Februari 1956 wakaenda Cincinnati kurekodi “Please, Please, Please”. Syd Nathan, bosi wa kampuni ya King, aliposikia akacharuka: wimbo gani huu, neno moja linarudiwa mpaka basi? Ukatoka hivyohivyo na kufika namba 6 kwenye chati za muziki wa weusi. Nyimbo tisa zilizofuata zikaanguka, mpaka “Try Me” ilipomwokoa mwishoni mwa 1958.

Sasa urudie huo wa kwanza, mwanangu, usisikilize tafsiri ya maneno. Sikiliza anavyoligonga lile neno. Mara analivuta, mara analikata, mara analitupa kabla ya pigo. Sam Cooke anaimba kama mtu anayemimina asali. Huyu anaimba kama anayetwanga. Kule kuguna na kupiga ukelele kote mnakokuona kama mbwembwe, kunaanguka mahali pake kwenye hesabu. Ndiyo maana nilisema nilichosema. Ni mwenzangu: alipiga drams kwa koo.

*Mzee wangu, kwenye video James Brown anaanguka magoti, anafunikwa joho, anaondolewa jukwaani akiyumba, halafu analitupa joho na kurudi mbio kwenye maikrofoni. Mume wangu anasema alikuwa hoi kweli. Mimi nasema alikuwa anatuigizia. Tumewekeana kreti ya soda. – Tanga*

Mgawane soda, mwanangu. Nyote mmepata.

Kuigiza aliigiza. Mwenyewe alieleza kwamba wazo alilitoa kwa mwanamieleka aliyeitwa Gorgeous George, aliyekuwa akiingia ulingoni na majoho ya fahari. Mwanzoni ilikuwa taulo tu, baadaye yakashonwa majoho. Aliyemfunika ni Danny Ray, mshereheshaji wake, mtu mfupi wa suti safi ambaye kazi hiyo aliifanya kwa miaka zaidi ya 40. Kila usiku, pale pale, wimbo ule ule.

Lakini tafuta filamu ya onyesho la Santa Monica, California, la Oktoba 1964, ndiyo iliyowapa wengi nafasi ya kumwona kwa mara ya kwanza. Anaanguka. Simaanishi anapiga magoti kama mtu wa kuswali, la, anaanguka kama gunia lililoachiwa. Danny Ray anakuja, anamfunika, anampigapiga mgongoni kama mfiwa. Wanatembea hatua nne tano. Mara miguu inaanza kutetemeka, anakanyaga sakafu kwa hasira, joho hilo chini, karudi. Anaanguka tena. Watoto wa shule waliojaa mle ukumbini wanapiga mayowe kama kuna ajali. Rolling Stones, bendi ya Waingereza, ndio waliopangwa kupanda baada yake, nao wenyewe walikuja kukiri kwamba haikuwa busara.

Sasa niwaonyeshe asichokiona mtazamaji. Kila anapoanguka, mpiga drams anaanguka naye. Goti likigusa sakafu, pigo lipo. Joho likiruka, pigo lipo. Kuanguka kwenyewe hakuna hesabu maalumu, leo ataanguka mapema, kesho atachelewesha, kwa hiyo kijana wa drams hatazami ngoma zake wala hatazami watu. Anatazama mabega ya bosi. Bega likishuka kidogo, jiandae. Huo uchovu wa kuigiza ulitaka watu walio macho kwelikweli nyuma yake.

Bendi yetu tulijaribu. Dansi la vijana la Jumapili mchana, tulilokuwa tukiliita bugi, pale Arnautoglu, Mnazi Mmoja. Mwimbaji wetu alikuwa na suruali ya bugaluu mpya, fundi kaimaliza asubuhi ile. Akajitupa magoti sakafuni. Mimi sikuona bega, nikachelewa, kukawa na kishindo cha goti, kimya, kisha pigo langu likaja peke yake kama mgeni aliyechelewa harusini. Suruali ilipasuka kuanzia gotini hadi pasipotajika. Joho tulikuwa nalo, kanga ya dada yake, na siku hiyo ilifanya kazi halali ya kumsitiri.

*Mimi ni kiongozi wa bendi ndogo ya hotelini hapa Mwanza. Vijana wangu wanachelewa mazoezi, wanavaa wanavyotaka. Nimesikia James Brown alikuwa akiwatoza wanamuziki wake faini. Nikiiga mtindo huo, unanishauri vipi?*

Ni kweli tupu. Kiatu hakijang'aa, faini. Umechelewa, faini. Umekosea noti katikati ya onyesho, hapo hapo anakugeukia huku akicheza, anafungua kiganja: vidole vitano, dola tano. Akikifumba na kukifungua tena, kumi. Watazamaji walidhani ni staili ya kucheza! Huku nyuma mtu wa saksafoni anahesabu mshahara unavyoyeyuka.

Ukali huo ulizaa bendi isiyo na mfano. Ukiwasikiliza akina Maceo Parker wa saksafoni na Fred Wesley wa tromboni wanapoingia kwa pamoja, hewa inakatika kama kwa panga. Nami nakubali kwamba bendi isiyo na mkali ni genge la kahawa.

Lakini hukuuliza iliishaje. Machi 1970, huko Columbus, Georgia, wanamuziki walimwambia wazi kwamba bila kuboreshewa malipo hawapandi jukwaani. Hakubembeleza. Alituma ndege ndogo Cincinnati ikawachukue vijana wa bendi iliyoitwa Pacemakers, wakaletwa usiku ule ule, na miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka 18 wa gitaa la besi, Bootsy Collins, pamoja na kaka yake Catfish wa gitaa. Wiki chache baadaye wakarekodi naye “Sex Machine”. Utasema basi, faini zilishinda. Haya, na hao nao waliondoka kabla hata ya mwaka kugeuka vizuri. Yeye alibaki na jina, na watu wakaendelea kuja na kwenda.

Mimi nilishakatwa shilingi 5 kati ya 15 za usiku mmoja kwa sababu ya viatu vyenye tope. Nilikuwa nimetembea kutoka Buguruni kwenye mvua, kwa kuwa nauli nilikuwa sina, kwa kuwa malipo ya wiki iliyotangulia yalikuwa hayajatoka. Simtaji kiongozi huyo, ila usiku ule nilipiga drams kwa ukamilifu wa ajabu na moyoni nikawa nimeshahama. Kwa hiyo ndugu yangu, lipa kwanza kwa wakati, mwezi mzima bila kukosa. Baada ya hapo ukiwatoza, watanung'unika tu.

*Mzee shikamoo. Najifunza drams, nina miaka 19. Mwalimu wangu anasema nisikilize “Cold Sweat” lakini kila nikiifuata napotea. Nakosea wapi? – Iringa*

Marahaba, marahaba. Hii ndiyo barua niliyoingojea. Wengine mnaweza kwenda kunywa chai mrudi baadaye, au kaeni na kijiko.

Keti mezani. Mkono wa kulia shika kijiko, gonga kikombe mara nane sawasawa, ukihesabu: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Usikimbie. Mguu wa kulia ugonge sakafu kwenye moja. Kiganja cha kushoto kigonge meza kwenye mbili. Mpaka hapo ni muziki wa kila siku, masikio yako yameshajua kwamba kiganja kitarudi kwenye nne, kama ilivyo kwenye nyimbo zote ulizokulia.

Usiyape. Acha nne ipite tupu. Gonga kwenye ile “na” inayoifuata, na kabla mkono haujatulia, moja imeshafika, mguu chini!

Umeona? Pale palipotakiwa kuwa na pigo pana shimo, na mtu anayecheza anatumbukia ndani yake, kisha moja inamdaka. Ndipo unapopotea wewe, unaliziba shimo kwa kuwa unaliogopa. Aliyeipiga ni Clyde Stubblefield, Mei 1967. Wimbo wenyewe ulianza kwa James Brown kumwita chumbani Pee Wee Ellis, kiongozi wake wa bendi, na kumgunia mstari wa besi, hakujua kuandika noti. Ellis akauandika wakiwa kwenye basi, safarini kwenda studio. Kodi (si ile ya serikali, ni noti zinazopigwa kwa pamoja) karibu hazibadiliki. Gitaa linakwaruza, tarumbeta zinachoma na kutoka, besi inaruka. Hakuna anayepiga mengi, kila mmoja ana kipande kidogo na hakitoi. Mtu aliyewahi kukaa karibu na ngoma za sindimba hahitaji kuelezwa jambo hilo, kule nako ukisikiliza ngoma moja peke yake utadhani mpigaji hajui.

Bwana huyo alisisitiza jambo moja kwa kila aliyempigia: moja, moja, moja. Muziki wa weusi kabla yake uliegemea mbili na nne, pale watu wanapopiga makofi kanisani. Yeye akauhamishia uzito mwanzoni. Mkiwa pamoja kwenye moja, katikati fanyeni mtakalo. Huko ndiko muziki wa funk ulikotokea.

Nikiwa bado kwa Clyde. Tarehe 20 Novemba 1969 alipiga wimbo unaoitwa “Funky Drummer”. Kuna mahali wenzake wote wananyamaza, anabaki yeye na mikono yake kwa sekunde zipatazo 20. Miaka ya 80 zilipokuja mashine za kunasa vipande vya sauti, vijana wa hip hop wakakidaka kile kipande. Public Enemy wanacho kwenye “Fight the Power”, LL Cool J anacho, na baada yao nyimbo kwa mamia na mamia. Nyie vijana mnaosema mnasikia mdundo wa “zamani” kwenye rap, mara nyingi mnamsikia Clyde. Na Clyde kwa hayo hakuwa na haki ya senti. Jina lililoandikwa kwenye wimbo ni la James Brown, naye Clyde alikuwa mpigaji wa kulipwa siku. Aliishi Madison, Wisconsin, akipiga kwenye kilabu Jumatatu. Alipougua saratani, Prince alimlipia bili za hospitali kimyakimya, na habari zikajulikana baada ya Prince mwenyewe kufariki. Clyde alifuata Februari 2017.

Rudi kwenye kikombe chako. Wiki mbili polepole, kisha ndiyo uguse drams.

*Mnamsifu sana, lakini huyu mtu alikuwa akipiga wanawake. Mbona huliandiki hilo? – Mama wa watoto wanne, Moshi*

Naliandika, mama. Tammi Terrell, kabla hajawa maarufu kwa nyimbo zake na Marvin Gaye, aliimba kwenye msafara wa James Brown mwaka 1963 akiwa binti mdogo kabisa, na alipigwa. Mke wake wa baadaye alimshtaki polisi. Mwaka 1988 James Brown alifukuzana na polisi kwa gari kutoka Georgia hadi South Carolina, akahukumiwa miaka 6 na kutoka Februari 1991. Mwaka 2004, mtu wa miaka 70, akakamatwa tena kwa kumpiga mwanamke wa nyumbani kwake. Sina utetezi na sitatafuta. Utoto wake ulikuwa mgumu, lakini Bobby Byrd naye hakulelewa kwenye hariri.

Nitakuomba jambo moja tu: usiwaache wale wanawake wabaki kuwa majina kwenye habari zake. Vicki Anderson, Marva Whitney, Lyn Collins, wote walisimama kwenye jukwaa lile, mbele ya bendi ile iliyotishwa kwa faini. Wimbo wa Lyn Collins “Think (About It)” wa mwaka 1972 una kipande kilichochukuliwa na wana hip hop karibu kama cha Clyde, na anachowaambia wanaume mle ndani ungekipenda.

*Babu yangu anasema zamani soul ilipigwa marufuku Dar es Salaam. Mimi nabisha. Serikali itapigaje marufuku muziki wa watu weusi wenzetu? – Temeke*

Mpe babu heshima yake. Novemba 1969 mkuu wa mkoa alipiga marufuku soul. Mwaka ule ulianza na Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU wakikamata sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mwaka ukaisha na sisi. Hoja ilikuwa kwamba soul inaharibu vijana na kuleta utamaduni wa kibeberu. Ubishi wako wewe wa leo ndio uliojaa kwenye barua za magazetini wakati ule, kwa sababu mwaka mmoja tu kabla, Agosti 1968, James Brown alikuwa ametoa wimbo wa kuwaambia watu weusi waseme kwa sauti kwamba wanajivunia weusi wao, na kiitikio kikaimbwa na watoto. Sasa huo nao ni ubeberu?

Na aliyeutoa alikuwa mtu aliyeonekana tayari kama mzee wa jamii. Tarehe 5 Aprili 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, alikuwa na onyesho Boston. Miji ilikuwa inawaka moto. Meya alitaka kulifuta, akashauriwa vinginevyo: liachwe, lirushwe moja kwa moja kwenye televisheni ili watu wakae nyumbani. James Brown hakusahau kwanza kudai fidia ya tiketi, dola 60,000 (nawaambia, mtu wa hesabu!). Katikati ya onyesho vijana wakaanza kuparamia jukwaa, polisi wakawasukuma chini. Akasimamisha muziki. Akawaambia polisi wasogee nyuma, kisha akawageukia vijana, akaongea nao kama kaka mkubwa anayeaibishwa na wadogo zake mbele ya wageni. Wakashuka. Akahesabu, bendi ikaingia. Boston usiku ule haikuungua kama miji mingine.

Sisi huku tulifanyaje? Tulikuwa na dansi Jumamosi iliyofuata marufuku, na nyimbo tulizozijua zilikuwa hizo hizo. Mpiga besi wetu akapata wazo. Tukaacha mdundo kama ulivyo, tukaweka maneno ya Kiswahili kuhusu jembe na Azimio la Arusha. Kiongozi mmoja wa tawi alikuja kutukagua, akakaa mstari wa mbele, mikono kifuani. Wimbo wa pili nikamwona mguu wake. Unagonga sakafu, bwana, na unagonga kwenye moja.

*Jambo Papa. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, niko Bruxelles. Marehemu baba alikuwa Kinshasa wakati wa Ali na Foreman. Je, ni kweli James Brown aliimba usiku wa pigano? – Msomaji*

Jambo mwanangu, na pole kwa mzee. Hapana, vilitengana. Tamasha na pigano vilipangwa kwenda pamoja, lakini Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi 30 Oktoba 1974. Wanamuziki walikuwa wameshafika. Wakapiga tarehe 22 hadi 24 Septemba, kwenye Uwanja wa 20 Mei: B.B. King, Bill Withers, Miriam Makeba, Celia Cruz na Fania All-Stars, na wenyeji Franco na Tabu Ley. James Brown akafunga, amevaa suti ya kipande kimoja, kiunoni zimeandikwa herufi GFOS kubwa kubwa: kifupi cha cheo chake cha Baba wa Soul, kwa Kiingereza. Asije mtu akadhani ni fundi bomba.

Huwa najiuliza Franco alimtazama kwa jicho gani. Yeye alikaa kitini na gitaa, tumbo mbele, na uwanja mzima ulikuwa wake bila kuanguka goti hata mara moja.

*Nina miaka 23, nimezaliwa na simu mkononi. Ukinichagulia kitu kimoja tu cha James Brown, ni kipi? – Mbeya*

“Live at the Apollo”, iliyorekodiwa mbele ya watu kwenye ukumbi wa Apollo, Harlem, New York, tarehe 24 Oktoba 1962. Yule yule Syd Nathan alikataa kuigharamia: nani anunue nyimbo ambazo anazo tayari, tena na makelele ya watu juu yake? James akatoa dola 5,700 zake mwenyewe. Ilipotoka mwaka 1963 ilipanda hadi namba 2 Marekani na kukaa kwenye chati wiki 66, na watangazaji wa redio za weusi wakawa wanapiga upande mzima bila kukatiza.

Nilipata sahani ya santuri yangu kwa baharia, nikampa saa. Picha hakuna, na hiyo ndiyo raha yake: humwoni akianguka, inabidi uone kwa masikio. Nenda kwenye “Lost Someone”. Ni dakika zaidi ya 10, wimbo wenyewe umeisha zamani, bendi inazunguka mahali pamoja, taratibu kabisa, naye anawasogelea watu kidogo, anarudi nyuma, anawasogelea. Anashusha sauti mpaka unadhani umeme umepungua. Usiongeze sauti ya simu, subiri. Kuna mwanamke ukumbini atapiga ukelele kabla yake. Ukimsikia, umeshaingia ndani.

Msomaji wa Bukoba aliyeuliza kuhusu kukaza ngozi za tumba, barua yako ninayo, nitaijibu toleo lijalo.